Mpira Mmoja, Watoto Thelathini

Januari 2024, San Pedro: Morocco 3, Tanzania 0. Machi 2025, Oujda: 2-0. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mbele ya mashabiki wetu wenyewe pale Benjamin Mkapa: 1-0. Januari 2026, Rabat, hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika: 1-0 tena. Ukizipanga hivyo zinashuka kama ngazi, na wengi wamezisoma hivyo, kwamba pengo linazibika na kilichobaki ni kidogo tu. Ndipo likazuka swali ambalo tangu Rabat haliishi vijiweni wala kwenye vipindi vya michezo redioni: Wamorocco wana nini ambacho sisi hatuna? Jibu halikuchelewa. Wana akademi. Oktoba 2025 vijana wao wa chini ya miaka 20 walikwenda Chile wakatwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Argentina 2-0, mabao yote mawili ya Yassir Zabiri, na tangu hapo ukitaja soka la vijana lazima utajiwe Akademi ya Mohammed VI iliyoko Salé, jirani na Rabat. Basi na sisi tujenge ya kwetu, yenye hosteli na nyasi na ukumbi wa mazoezi ya viungo, tuipe jina kubwa, tusubiri miaka kumi.

Nadhani somo hilo tumelisoma nusu ukurasa. Akademi ya aina ile humpokea mtoto akiwa na miaka 12 au 13, na humpokea kwa sababu mpira tayari unamtii. Kazi iliyomfikisha getini ilifanyika kabla, kati ya miaka sita na kumi na miwili, tena mahali pasipo na hosteli. Huko ndiko lilipo shimo letu. Watoto wetu wa umri huo hawagusi mpira wa kutosha, na pale tunapojitahidi kuwapa kile tunachokiita mafunzo ya ufundi, mara nyingi tunawapa kitu kinachopendeza kwenye video ya sekunde thelathini na kuyeyuka dakika ya kwanza ya mechi.

Tuanze na Morocco wenyewe. Kikosi chao kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia Qatar 2022 kilikuwa na wachezaji 26, na 14 kati yao walizaliwa nje ya Morocco. Achraf Hakimi ni mzaliwa wa Madrid. Hakim Ziyech alizaliwa Dronten, Sofyan Amrabat Huizen, Noussair Mazraoui Leiderdorp, yote miji midogo ya Uholanzi ambayo mtalii hana sababu ya kuifikia. Akademi ya Salé nayo ilichangia watu wa maana, Youssef En-Nesyri, Nayef Aguerd na Azzedine Ounahi wakiwemo, na hilo si dogo kwa kituo kilichokuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu. Lakini zaidi ya nusu ya kikosi ilipikwa na jiko lingine kabisa: klabu ya mtaa, ada ambayo mzazi wa kawaida anaimudu, kocha wa kujitolea aliyepita angalau kozi moja, kiwanja kimoja kilichokatwa vipande vinne, na mipira ya kutosha. Brahim Díaz, aliyetufunga Rabat, alizaliwa Málaga. Anayetaka kunakili Morocco kwa kujenga Salé ya Kigamboni ananakili nusu ya jibu, tena ile nusu yenye gharama kubwa. Sisi wenyewe tumeshaanza kuionja nusu ya pili bila kuijadili: Haji Mnoga anayevaa jezi ya Taifa Stars alizaliwa Portsmouth na kufundwa na soka la Waingereza.

Zamani nusu hiyo ya pili tulikuwa nayo, na wala hatukuwa tumeipangia bajeti. Iliitwa chandimu. Kiwanja hatua ishirini, magoli ya mawe au kandambili, wanne kwa wanne, anayefungwa anatoka na timu nyingine inaingia. Mpira ulikuwa wa soksi na matambara uliobanwa kwa mifuko ya rambo na kamba, haudundi sawasawa, haubingiriki sawasawa, kwa hiyo mguu ulilazimika kuujua. (Hata mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Juni 2019, na vizuri ilivyopigwa, ila mafundi wa mipira mtaani walipoteza malighafi.) Ukipoteza mpira kizembe ulitukanwa papo hapo na wenzako, na ukifungwa ulikaa nje ukisubiri zamu, adhabu kubwa kuliko filimbi ya kocha yeyote. Tobo, kumpitisha mtu mpira katikati ya miguu, na kanzu, kumvusha juu ya kichwa, zilikuwa heshima ya mtaa. Mtoto aliyecheza hivyo kila jioni, saa mbili hadi giza, alifika miaka 12 akiwa ameugusa mpira mara nyingi kuliko anavyougusa leo mtoto wa kituo chenye jezi, nembo na ukurasa wa Instagram.

Sisemi enzi zile zilikuwa pepo. Chandimu ilimpa Mtanzania mguu na haikumpa mengine. Haikumfundisha kujipanga bila mpira, haikumpa lishe, haikumpa daktari wa goti, na kwa miaka karibu arobaini kati ya AFCON ya Lagos mwaka 1980 na ile ya Misri mwaka 2019 chandimu peke yake haikututoa nje ya mlango wa kufuzu. Anayelilia kurudi nyuma tu hana hoja. Ninachosema ni kwamba msingi mmoja uliondoka kimyakimya na hakuna aliyeukatia cheti cha kifo. Maeneo ya wazi yamejengwa fremu za maduka. Mtoto anaamshwa alfajiri kuwahi basi la shule, anarudi jua linazama, na kati ya hapo kuna tuisheni. Jumamosi pia kuna tuisheni. Muda wa chandimu ulikuwa wa bure, na vitu vya bure havina mtetezi pindi vinapochukuliwa.

Nafasi hiyo imezibwa na vituo vya mpira. Mwaka jana nilikaa Jumamosi moja asubuhi kando ya kiwanja cha shule jijini Dar es Salaam nikitazama kituo kimoja kinachotoza ada ya mwezi. Watoto walikuwa thelathini na ushee, mipira minne, mmoja umeishiwa upepo. Walizunguka uwanja mara tano. Wakanyoosha viungo. Wakapanga mistari minne mbele ya koni, kila mmoja akingoja zamu ya kupita na mpira, kisha arudi nyuma ya foleni. Mwisho wakacheza mechi ya kumi na sita kwa kumi na sita, mpira mmoja. Nilimfuata kwa macho dogo mmoja mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Kwa saa moja na nusu aligusa mpira mara arobaini na moja, nyingi kati ya hizo kwenye koni, na kwenye mechi mara tatu. Mama yake alirekodi video. Kocha simlaumu sana: alikuwa peke yake, alifundisha kama alivyofundishwa, na wazazi waliokaa kwenye viti vya plastiki walikuwa wanataka kuona jasho.

Hapo ndipo neno ufundi linapohitaji kusafishwa. Koni haina mguu wa kukunyang'anya mpira. Haisogei, haikutazami usoni, haikuvuti jezi. Chenga ni jibu, na swali huulizwa na beki. Mtoto anayejifunza majibu bila kusikia maswali atakariri, na siku ya mtihani atapigwa na butwaa. Chukua jambo linaloonekana dogo kuliko yote, kutuliza mpira. Kwenye mstari wa koni mtoto anajifunza kuusimamisha chini ya unyayo. Kwenye mechi ya kweli kazi hiyo huanza kabla mpira haujafika: unatupa jicho juu ya bega, unajua adui yuko upande gani, unageuza nyonga, na mguso wa kwanza unaupeleka mpira kule adui asikoweza kufika. Aliyejifunza ya kwanza tu ataupokea akitazama goli lake mwenyewe, atabanwa, ataurudisha kwa beki, beki atamrudishia kipa, kipa atabutua. Tazama tena zile mechi mbili za 1-0. Tulilinda kwa nidhamu ya kupigiwa makofi, lakini tulipoupata mpira hatukukaa nao. Hilo haliponywi na kambi ya wiki tatu, hata kocha awe nani.

Wataalamu nao wamegawanyika, na mgawanyiko wao una faida kwetu. Upande mmoja kuna shule ya Wiel Coerver, Mholanzi aliyeipa Feyenoord Kombe la UEFA mwaka 1974, kisha akajifungia na filamu za wachezaji wakubwa na kuzivunja chenga zao vipande vipande ili mtoto wa kawaida aweze kuzijifunza kwa kurudia. Upande wa pili kuna wanaosema ukiutenganisha ufundi na mchezo umeuua, mtoto aachwe acheze, akutane na adui, na mwili utajitafutia njia. Ukinibana nichague, nitasema Coerver ana haki kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa, na kwa sababu moja ya kipuuzi kabisa: mazoezi yake yanataka kila mtoto awe na mpira wake. Dakika ishirini za kila mmoja na mpira wake, mguu wa kulia na wa kushoto, zinatosha kumpita yule wa foleni kwa mwezi mzima. Baada ya hapo lazima adui aingie. Mmoja kwa mmoja, wawili kwa wawili, watano wamezunguka duara na wawili katikati wakiusaka mpira. Koni zibaki za kuwekea mipaka ya kiwanja. Kosa letu ni kwamba tumechukua koni za Coerver tukaiacha mipira yake.

Mfano unaonishika zaidi uko Afrika, tena si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jean-Marc Guillou alianzisha akademi na klabu ya ASEC Mimosas kwenye kituo cha Sol Béni, Abidjan. Watoto walicheza peku. Njumu hazikugawiwa siku ya kwanza. Zilisubiriwa, na kigezo kilikuwa mpira wenyewe, danadana za miguu, mapaja na kichwa kwa viwango vilivyopanda, hadi mguu uonyeshe kwamba unaufahamu mpira bila kuulizwa. Februari 1999 ASEC iliingiza vijana hao kwenye fainali ya CAF Super Cup dhidi ya Espérance ya Tunisia, mabingwa wazoefu, watu wazima. Vijana walishinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Katika kizazi hicho na vilivyofuata walitoka Kolo Touré, Didier Zokora, Aruna Dindane, Emmanuel Eboué, Yaya Touré, Salomon Kalou na Gervinho. Ukisimulia kisa hiki Dar watu husikia neno akademi. Mimi nasikia peku. Nasikia pia jambo ambalo husahaulika: Abidjan ina chandimu yake, huiita maracana, mechi za wachache kwenye magoli madogo zinazojaza vichochoro na viwanja vya lami. Guillou alichuma kwenye mti ambao tayari ulikuwa umezaa. Angekuta mti umekatwa, hata yeye angeishia kutafuta watoto warefu wenye mbio.

Ujerumani wameelewa hili kwa kuumia. Baada ya kuburuza mkia kwenye kundi lao la Euro 2000 walifungua mamia ya vituo vya vipaji nchi nzima, na mwaka 2014 wakabeba Kombe la Dunia. Kisha wakatolewa hatua ya makundi mwaka 2018, wakatolewa tena mwaka 2022, na kelele zikawa kwamba wamezalisha wapiga pasi wasioweza kumpita mtu. Kuanzia msimu wa 2024/25 shirikisho lao limefanya kuwa kanuni kwamba watoto wadogo wacheze wawili kwa wawili au watatu kwa watatu kwenye magoli madogo manne, wakipanda taratibu hadi saba kwa saba. Nchi yenye vikombe vinne vya dunia imetunga kanuni ya kurudisha chandimu. Sisi tunawaweka watoto wa miaka tisa kwenye uwanja mzima wa watu wazima, kipa mdogo akiwa hafiki hata nusu ya nguzo, tunashangaa kwa nini kila bao linaingia juu ya kichwa chake.

Zipo hoja za kunipinga, na hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kipaji ni zawadi ya Mungu, hakifundishwi, na Tanzania vipaji vipo tele. Ushahidi unaoletwa ni Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala aliyepita African Lyon, Simba na TP Mazembe hadi Genk, Aston Villa na Fenerbahçe bila kupikwa na akademi ya Ulaya. Ni kweli, na namvulia kofia. Lakini hesabu ndiyo inayowaangusha wanaomtaja. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na Watanzania waliowahi kucheza ligi kubwa za Ulaya bado wanahesabika kwa vidole. Kama kipaji kilishuka tu kutoka mbinguni, basi mvua hiyo imeinyeshea Senegal, yenye watu chini ya theluthi yetu, na kuiruka Tanzania. Angalia jambo tulilo hodari wote. Hakuna mtoto wa Temeke anayeonekana ana kipaji cha Kiswahili. Wote wanakisema kwa madaha kwa sababu tangu wazaliwe hawajawahi kukaa saa moja bila kukisikia. Mguu nao hujifunza hivyohivyo. Senegal wana Génération Foot iliyoanzishwa Dakar mwaka 2000, alikopita Sadio Mané, wana Diambars ya Saly alikopita Idrissa Gueye, na chini ya hizo wana mchanga na nawetane, mashindano ya mitaa kwa mitaa yasiyokosa mtu kila msimu wa mvua.

Hoja ya mwili ina ukweli kidogo ndani yake. Wanasema tunaonewa kwa vimo, tutafute wakubwa. Matokeo yake tunayajua kwa jina la vijeba, wakubwa wanaochezeshwa kama watoto. Kocha anayedaiwa kombe la chini ya miaka 15 atamchagua aliyebalehe mapema, au aliyezaliwa upya ofisini, na fundi mdogo mwenye kilo thelathini na tano atakaa benchi hadi aache mpira. Vipimo vya MRI vya kifundo cha mkono vimepunguza uchafu huo kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Serengeti Boys wenyewe, timu yetu ya taifa ya umri huo, walikwenda AFCON ya vijana Gabon mwaka 2017 baada ya Congo Brazzaville kuenguliwa, mchezaji wao alipokosa kufika kwenye kipimo. Huko tulitoka suluhu na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukakosa nusu fainali kwa kufungwa 1-0 na Niger. Miaka miwili baadaye tulikuwa wenyeji, Dar es Salaam, na tukapoteza zote tatu: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mabao 12 ndani ya mechi tatu. Wengi walitaja presha ya nyumbani. Mimi nilichokiona ni timu iliyojua kushambulia kwa moyo na isiyojua kuutunza mpira ikiwa mbele, na huo ni ufundi wa umri wa miaka kumi uliokosekana umri wa miaka kumi na sita.

Hoja nzito ni ya mashindano. Wanaoitetea wanasema mtoto hakui kwa mazoezi, hukua kwa mechi, kwa hiyo UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ndizo akademi zetu halisi. Nakubali robo tatu. Mtoto asiye na mechi hana sababu ya kujifunza. Shida iko kwenye umbo la mashindano yenyewe. Shule inachagua timu, kata inachagua kutoka shule, wilaya kutoka kata, mkoa kutoka wilaya, na kila ngazi inawaacha wengi wakishangilia kando ya mstari. Inafika taifa, wiki chache, kombe linabebwa, mpira unarudi kabatini hadi mwakani. Ni njia nzuri ya kupata walio bora leo. Kwa kuwafanya wengi wawe bora kesho haifai, kwa sababu wanaohitaji mechi zaidi ndio wanaozikosa kwanza. Wabelgiji, walipoanza kulijenga upya soka lao la watoto miaka ya 2000 chini ya Michel Sablon, waliondoa hata misimamo ya ligi kwa wenye miaka saba na nane. Mechi zilibaki, jedwali likaondoka. Mwaka 2018 walimaliza wa tatu duniani.

Na fedha? Watu wa vituo huniambia, kwa haki kabisa, kwamba hakuna anayewalipa. Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wetu wanaligusa nusu. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe vilabu vilivyomlea mchezaji kuanzia msimu anaotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa dola milioni 2, klabu iliyomlea akiwa na miaka 13 inastahili dola 5,000 kwa mwaka huo mmoja tu, na akiuzwa tena inastahili tena. Kwa kituo cha Buguruni au Ilemela hizo ni mipira ya miaka kadhaa. Lakini zinapatikana kama mtoto alisajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho kwa jina lake la kweli, tarehe yake ya kweli na klabu yake ya kweli, kwa sababu leo pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya vilabu vilivyomsajili, husomwa na mashine kabla fedha hazijatoka. Vituo vingi vyetu havina usajili wowote zaidi ya namba ya simu ya mwenye kituo. Kila mwaka usiosajiliwa ni fedha tunazowaachia wengine.

Sasa tazama hesabu hiyo inapoanzia. Miaka 12. Kwa kilichofanyika mtoto akiwa na miaka saba, minane, tisa, hakuna duniani anayelipa hata senti. Biashara ya soka inaanza kumwona mtoto pale ambapo msingi wa mguu wake umekwisha kumwagwa. Ndiyo maana naona ni makosa kusubiri sekta binafsi ituletee soka la watoto. Mwenye fedha atajenga kuanzia miaka 13 kwenda juu, kama Azam walivyofanya Chamazi na kumtoa Novatus Dismas, na atakuwa amefanya kazi nzuri. Ngazi ya chini haina mwenyewe kama haikuchukuliwa na yule anayekaa na watoto wote bila kuwachagua, na huyo ni mmoja tu: shule ya msingi.

Anayedhani hilo ni ndoto awatazame mabinti. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India mwaka 2022, wakafungwa 4-0 na Japan, wakasimama wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali na kutolewa na Colombia. Hadi mwaka huo hakuna timu ya wanaume ya Tanzania ya umri wowote iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia, achilia mbali robo fainali. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate, Dodoma, walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule kule Durban. Mtoto anayelala, kusoma na kufanya mazoezi ndani ya ukuta mmoja haibiwi muda na foleni ya daladala wala tuisheni. Saa zake zipo. Ajabu ni kwamba mfano huu uko Dodoma, tunauruka, tunakwenda kuutafuta Salé.

Kwa lugha ya kazi, ninachokitetea ni kidogo na kinachosha kukisema. Mwalimu mmoja wa michezo kwa shule, mwenye angalau leseni D ya CAF. Mpira mmoja kwa watoto wawili, hata iwe ya bei ndogo. Siku tatu kwa wiki, dakika 45, nusu ya muda kila wawili na mpira wao, nusu nyingine wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo vinne ndani ya kile kiwanja kimoja cha vumbi tulicho nacho. Wasichana na wavulana. Hakuna kombe hadi darasa la tano. Haya hayahitaji nyasi wala taa, na mbunge hawezi kuyakatia utepe, na nashuku hiyo ndiyo sababu yamekaa miaka yote bila mwenyewe. Kikwazo cha kweli ni muda kwenye ratiba ya shule, ambao utabidi ung'olewe kwenye meno ya mitihani, na sijui waziri wa elimu aliye tayari kung'olewa naye.

Tutakuwa wenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Atakayecheza siku hiyo leo ameshakuwa alivyo. Tutaweza kumpanga vizuri zaidi, hatutaweza kumpa mguu mwingine. Mtoto anayeweza kupewa mguu yuko darasa la pili. Uwanja mpya wa watu 30,000 unainuka Arusha, na pamoja nao vitakarabatiwa viwanja vya mazoezi vyenye nyasi nzuri na uzio mzuri. Swali langu kwa wizara, TFF na halmashauri ni dogo mno kwa mkutano na waandishi wa habari: mashindano yakiisha, siku ya Jumanne saa kumi alasiri, watoto wa shule ya msingi ya jirani wakifika na mipira yao kumi na mitano, nani atakuwa na ufunguo wa geti?